Kanuni aliyoiacha Wesley

Muulize mwanafunzi wa theolojia aliyelelewa katika Ukalvini, yaani mafundisho ya John Calvin kwamba Mungu ndiye anayechagua wa kuokolewa: John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alifundisha nini kuhusu wokovu? Wengi watakujibu kwa pumzi moja: mtu ana hiari yake, basi nusu anajiokoa, nusu Mungu anammalizia. Jibu jepesi kukariri, ila si la Wesley.

Mwaka 1784 Wesley alizipunguza Kanuni 39 za imani za Kanisa la Uingereza hadi 24, kwa ajili ya Wamethodisti wa Marekani. Kanuni ya 17, ya kuchaguliwa tangu asili (kwamba Mungu aliwachagua wa kuokolewa kabla ya ulimwengu kuumbwa), aliifuta yote. Hilo lilitarajiwa, tangu mahubiri yake ya Bristol mwaka 1739 alikuwa akivutana na rafiki yake, mhubiri George Whitefield, kuhusu jambo hilohilo. Lakini ya 10 aliiacha. Nayo inasema kwamba tangu Adamu aanguke, mtu hawezi kwa nguvu zake za asili kumgeukia Mungu wala kujiandaa kuamini, mpaka neema ya Mungu katika Kristo imtangulie ili awe na nia njema, kisha itende kazi pamoja naye. Mhubiri wa wokovu wa nusu kwa nusu angeanza kukata hapo.

Tena tazama hilo neno "imtangulie". Neema itanguliayo, ambayo wengi huidhani uzushi wa Kimethodisti, imo katika kanuni ambayo Whitefield, Mkalvini asiyeficha, aliikubali ili awekwe wakfu. Wote wawili wanaanzia kaburini: mtu amekufa, Mungu ndiye anayemfuata kwanza. Kuhusu kuhesabiwa haki, yaani Mungu kumkubali mwenye dhambi kuwa mwenye haki kwa imani, Wesley alimwandikia mchungaji John Newton mwaka 1765 kwamba hapishani na Calvin hata unywele. Njia panda iko mbele kidogo: kwa Mkalvini neema iokoayo huwaendea wateule na haishindwi, kwa Wesley neema hiyo itanguliayo huwafikia wote, na mtu anaweza kuikataa.

Na hapo Wakalvini wana swali zito. Ndugu wawili wamekaa benchi moja, mahubiri ni yaleyale, neema imewatangulia sawasawa. Mmoja anaamini, mwenzake anaondoka. Nini kimewatofautisha, kama si kitu chao wenyewe?

Jacobus Arminius, mwanatheolojia ambaye Wesley alisimama upande wake katika jambo hili (aliyekuwa mchungaji wa Kanisa la Reformed, yaani la Kikalvini, tena mwanafunzi wa Beza, mrithi wa Calvin kule Geneva, jambo ambalo husahaulika upesi), aliacha mfano wa ombaomba: je, sadaka inaacha kuwa zawadi kwa kuwa maskini amenyoosha mkono? Mimi mfano huo hunitosha, au karibu kunitosha. Mkalvini atauliza mkono wa maiti umenyooshwa na nani. Mwesley atajibu: na neema. Sawa, atasema mwenzake, mbona mkono wa yule jirani wa benchi haukunyooka?