Wazee wanaanikwa juani kwa jina la uzalendo

Ninahudumia wazee katika kijiji cha wastaafu huku Marekani, na kila inapofika Jumatatu ya mwisho ya Mei, siku ya kuwakumbuka askari waliofia vitani, damu hunichemka. Sherehe imetangazwa kuanza saa nne asubuhi. Kwa nini basi wazee wasukumwe nje kwa viti vya magurudumu tangu saa tatu? Ili uwanja uonekane umejaa pichani? Mgeni rasmi anafika saa tano kasorobo, kipaza sauti kinapiga mluzi wa kutoboa masikio, hotuba ni ndefu kama reli ya Kigoma, na mwavuli hakuna hata mmoja!

Mwaka huu nilikaa na mzee mmoja aliyepigana Vietnam. Medali kifuani mwake ilikuwa imepata moto kiasi kwamba nilipoigusa niliondoa kidole haraka, lakini alikataa kurudishwa ndani, kwa kuwa alikuwa akingojea saa sita kamili, wakati bendera inapotolewa nusu mlingoti na kupandishwa hadi juu. Saa sita ikafika. Nani aliipandisha? Waandaaji wote walikuwa kwenye foleni ya nyama choma! Mzee alibaki ameinua mkono kupiga saluti, mkono ukimtetemeka, mpaka mtunza bustani alipokuja mbio kuivuta kamba.

Wenzangu mnaolea wazee, mnanielewa. Tarehe 14 Juni ni Siku ya Bendera, kisha inakuja 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, na jua linazidi kuwa kali. Turubai moja na ndoo ya maji baridi vinatushinda nini?