Giza la Dar halifai kwa picha za Lushoto

Mwezi wa saba nilipanda Lushoto na Canon yangu kuukuu, ile iliyotolewa kichujio cha kiwandani kinachozuia mwanga mwekundu. Usiku ulikuwa mkavu, baridi ya Usambara inapenya hadi kwenye soksi, na nebula ya Lagoon, wingu la gesi linalong'aa, imekaa juu kabisa. Nikapiga picha 60 za dakika mbili mbili kwa ISO 1600, kamera ikizungushwa taratibu kufuata nyota. Ilipofika saa nane za usiku vidole vimekufa ganzi. Picha za giza, zile za kufunika lenzi ili kupata kelele za kamera yenyewe na kuzitoa kwenye picha za nyota, nikajiambia nitazipiga Dar, nimekaa sebuleni na chai yangu.

Nilipozitumia kusafisha zile 60, Lagoon ikatoka na vitobo vyeusi kila mahali, kama khanga iliyotafunwa na mende.

Kosa lilikuwa langu. Kihisi cha kamera kina kelele zake hata gizani, na kelele hizo huongezeka takribani maradufu kila joto likipanda nyuzi 6 hivi. Kule usiku ulikuwa na nyuzi 12, sebuleni kwangu 29. Piga hesabu: ni karibu mara saba. Nilikuwa natoa kwenye picha uchafu ambao haukuwamo. Kamera za kisayansi zina kipoza joto, kwa hiyo mwenye nayo anaweza kupiga picha za giza siku yoyote akaziweka akiba. Yetu haina. Picha za giza zipigwe palepale, usiku uleule, kwa muda na ISO ileile. Ukisinzia, acha kamera ijipigie.

Ndiyo maana nachoka na mjadala wetu wa kila siku sisi wapiga picha za nyota: nani kashatoa kichujio, nani bado. Sibishi faida yake. Kichujio cha kiwandani hupitisha kama robo tu ya ule wekundu wa haidrojeni, nanomita 656, na ndio unaozipa nebula nyingi sura yake. Watengenezaji wenyewe waliliona: Canon walitoa 60Da mwaka 2012, Nikon wakafuata na D810A mwaka 2015. Lakini mtu anafungua kamera kwa pesa nyingi, halafu hana flati hata moja, yaani picha ya mwanga uliosawazika ya kufutia alama za vumbi! Kwangu mimi, asiyejua kusafisha picha za kamera ambayo haijafunguliwa asiwe na haraka ya kuifungua.

Na kuifungua kuna gharama nyingine. Fundi aliyeifungua yangu aliniachia vumbi ndani, na kila chembe ikawa duara la kijivu kwenye picha. Sikurudi kugombana. Flati ndizo zilizoniokoa: fulana nyeupe juu ya lenzi, anga la alfajiri, picha 25. Sharti usiguse fokasi wala kuizungusha kamera tangu usiku, maana duara likihama hata kidogo unabaki na mawili. Na kwa kamera iliyofunguliwa, usiamini wastani wa mwanga pale kwenye kioo cha kamera. Tazama nyekundu, kijani na bluu moja moja, kwa sababu moja inaweza kuwa imeshajaa huku nyingine bado iko chini.

Haya yote yafanyike kwenye faili ghafi (RAW), kabla programu haijaunda rangi. Kabla ya hapo kidoa cha joto, yaani nukta ya kihisi inayong'aa yenyewe, ni nukta moja. Ukishaunda rangi, kimeshawapaka majirani zake.

Kuhusu rangi sina mengi. Picha zitatoka za waridi, usishtuke. Ila usibonyeze kitufe cha kusawazisha rangi kiholela, kwa sababu programu itaona wekundu umezidi na kuufuta, wekundu uleule uliomlipa fundi akuletee. Siril, ambayo ni programu ya bure, inaweza kulinganisha nyota zako na orodha ya rangi za nyota zilizokwishapimwa. Mimi natumia hiyo tu.

Zile 60 za Lushoto niliziokoa nusunusu. Nilifuta picha za sebuleni zote, nikaiacha programu itambue vidoa kwa kulinganisha picha na picha. Vitobo vimeondoka. Lakini ukisogea karibu, upande wa kushoto wa Lagoon kuna michirizi iliyolala kimshazari, kama manyunyu yanayosukumwa na upepo, na hiyo imekataa kutoka.