Mikia mitatu haimaanishi kimbia

Jumamosi mtoto wa dada yangu alikuja kwangu Tudor, hapa Mombasa, macho mekundu, kitabu cha piano amekikumbatia kifuani. Ana miaka 11, anakaa Kisauni, na muziki anaupenda mwenyewe, hakusukumwa na mtu. Kulikoni? "Anti, nilifika kwa zile noti za mikia mitatu, mwalimu akasema kimbia, nikakimbia, akasema bado, kimbia zaidi, nikapotea."

Nilikasirika na leo Jumatatu bado nimekasirika.

Manake hiyo "kimbia" nimeisikia tangu nikiwa mdogo kwaya na ni uongo mtupu. Mkia wa noti, ile alama inayoning'inia kwenye mguu wake, hausemi kasi, unasema mgao wa pigo. Krocheti moja, noti isiyo na mkia, ukiigawa ni kweva mbili (mkia mmoja), semikweva nne (mikia miwili), demisemikweva nane (mikia mitatu), unaendelea hivyo hivyo mpaka mikia mitano, hapo krocheti moja imebeba noti 32. Kasi inatoka kwingine kabisa, pale juu mwanzo wa wimbo palipoandikwa polepole ama haraka ama namba ya metronomu, yaani mapigo mangapi kwa dakika, na ndipo watu hawaangalii, wakiona karatasi imekuwa nyeusi tu roho inaruka.

Hebu shika kalamu tupige hesabu. Metronomu ikiwa 40, pigo moja la krocheti linakaa sekunde moja na nusu. Gawa mara nane, kila demisemikweva inapata sekunde 0.1875. Haya, sasa peleka metronomu 160 ucheze kweva za kawaida, za mkia mmoja, ambazo huyu mtoto anazicheza tangu mwaka jana bila shida. Sekunde 0.1875. Ni kitu kile kile jamani! Kidole hakioni mikia, kinajua muda tu, kwa hivyo mtoto aliyeambiwa akimbie kwenye wimbo wa polepole ameambiwa atoke nje ya wimbo.

Tukakaa. Nikachukua penseli nikaweka alama juu ya kila kweva, nikamwambia sahau krocheti kwa sasa, hii kweva ndo pigo letu, na ndani ya kila pigo zinaingia demisemikweva nne. Funga piano. Sema Ki-sa-u-ni, piga kofi kwa "Ki". Hapo tukakwama kidogo na nilipenda vile tulikwama, kwa sababu Kiswahili chetu kinakandamiza silabi ya pili kutoka mwisho, basi kofi lake likawa linateleza linaangukia "u", yaani kundi lake linaanzia noti ya tatu. Nikamshika mkono tukapiga wote mezani, "Ki" nzito, zingine nyepesi, mara kumi, mara ishirini. Pale penye semikweva mbili akasema Nya-li kwa muda ule ule. Penye noti tatu zilizobanwa kwa pigo moja, Li-ko-ni. Alipofungua piano nikaona kidole gumba kinapita chini ya kile cha kati bila kurukaruka, noti zimelingana kama shanga, na midomo bado inasema Kisauni bila sauti.

Sawa, nakubali, kuna wapiga udi na kinanda hapa mjini ambao hawajawahi kusoma mstari hata mmoja na wanatiririsha noti ndogo ndogo mpaka unasisimka. Wamelelewa na sikio, miaka na miaka wamekaa karibu na wakubwa. Huyu mtoto amepewa karatasi, basi afunzwe karatasi. Na ndiyo, ukishazoea huhesabu tena kila silabi, la sivyo muziki utakuwa mgumu kama mbao.

Wenzangu wa kwaya nawaelewa pia. Sisi tumekulia solfa, ile ya do-re-mi inayoandikwa kwa herufi, nukta inagawa pigo nusu, mkato unagawa robo, na nyimbo zetu nyingi zinaishia hapo hapo, kwa hivyo mtu anahamia mistari mitano ya noti hajawahi kukutana na mgao wa nane maishani mwake. Hilo si kosa lake. Kosa ni la anayemfundisha kwa kelele.

Kabla hajaenda nikamtolea Pathétique ya Beethoven, ile sonata iliyochapishwa 1799, ukurasa wa kwanza kabisa. Akapitisha kidole kwenye ile mistari minene inayounga noti, ndiyo mikia yenyewe ikiunganishwa, akahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano. "Hii si ndo ya kukimbia sasa?" Nikamuonyesha neno lililoandikwa juu, Grave, nikamwambia maana yake mwendo mzito, wa polepole sana. Akanyamaza akilitazama muda mrefu.

Alhamisi namsindikiza mwenyewe mpaka darasani, na ile karatasi ya hesabu ya 40 na 160 naibeba.