Mashine Ikipokea Simu, Nani Anasikiliza?

Mtu wa Kampala akipiga simu ofisini akapokelewa na sauti ya mashine, mara nyingi anakata. Wauzaji wa mitambo hutuambia ni tabia yetu, eti hatupendi kuongea na mashine. Si kweli. Mtu huyohuyo anawatumia shemeji zake voisi za dakika tatu tatu kwenye WhatsApp na hachoki. Anachokimbia ni gharama. Mashine ikishapokea, kwa kampuni ya simu hiyo imehesabiwa kuwa imepokelewa, na salio linaanza kukatwa palepale. Sasa mpe "Asante kwa kupiga simu, sisi ni kampuni inayoongoza katika sekta ya…" uone kama atavumilia.

Nafunga mitambo ya simu na kompyuta kwenye ofisi ndogo ndogo, nyingi zikiwa za wakala wa forodha. Humo Kiswahili ndicho kinachofanya kazi, kwa sababu mzigo unapanda kutoka Mombasa na madereva wanatoka kila pembe. Ofisi za namna hii ndizo zinazohitaji sanduku la sauti (voicemail, pale mpigaji anapoacha ujumbe simu isipopokelewa) kuliko zote, na humo humo ndimo ninamolikuta limekaa bure. Mtambo hauna tatizo. Ila hakuna aliyeamua ujumbe ukiingia ni wa nani.

Chukua dereva aliyefika Malaba usiku. Anapiga ofisini, hakuna mtu, anasema haraka haraka: "Bosi, niko Malaba, gari limezuiwa. Namba ya sili ya mzigo haifanani na ya kwenye hati. Nipigie." Ujumbe umeingia vizuri kabisa, kwenye ekstensheni, yaani namba ya simu ya ndani, ya karani aliye likizo. Asubuhi taa nyekundu ya simu yake inawaka mezani. Mfagizi anapangusa vumbi kuizunguka. Meneja anapita. Kila mtu anaiona, na kila mtu anajua ile ni simu ya fulani. Lori limelala mpakani.

Kwa hiyo mimi sifungui tena sanduku kwa jina la mtu. Nafungua kwa kazi: nyaraka, malipo, magari. Kisha naamuru kila ujumbe utumwe kama faili la sauti kwenye barua pepe za watu wawili wa kitengo hicho, si mmoja. Hili halihitaji mtambo wa bei. Asterisk, programu huria ya kuendesha simu za ofisi ambayo nusu ya mitambo yangu inaitumia, ilianzishwa mwaka 1999 na Mark Spencer huko Marekani kwa sababu kampuni yake changa haikuwa na pesa ya kununua swichibodi. Sababu hiyo hapa kwetu haihitaji maelezo. Kompyuta ya zamani inatosha, na ukiongeza programu ya FreePBX juu yake mipangilio mingi unaifanya kwa kubofya.

Kuna mtego mmoja ambao mafundi wengi hawauangalii. Ofisi nyingi hazina laini ya mezani ya kweli. Zina kifaa chenye laini za simu za mkononi kilichounganishwa na mtambo. Ikiwa laini hiyo imewekewa kuhamisha simu zisizopokelewa, kampuni ya simu inaweza kuidaka simu kabla mtambo wenu haujapokea, na ujumbe ukaishia kwenye sanduku la kampuni hiyo ambalo hakuna aliyewahi kulifungua. Chomeka laini kwenye simu ya kawaida, piga ##002#, uhamishaji wote unafutwa. Ndipo uirudishe kwenye kifaa.

Kuhusu lugha, nina msimamo ambao wenzangu hawaupendi. Menyu ya ndani, ile ya mfanyakazi kusikiliza jumbe zake, iacheni kwa Kiingereza. Mtambo huunga sentensi kwa vipande: una, tatu, mpya, jumbe. Ukirekodi vipande vya Kiswahili bila kugusa mpangilio wake, utasikia "una tatu mpya jumbe", na kuurekebisha ni kazi ya siku nyingi kwa faida ndogo. Nguvu hiyo ipelekeni kwenye salamu anayoisikia mteja. Irekodiwe na dada wa mapokezi, kwa sauti yake ya kila siku, mahali pasipo na feni:

"Umefika kitengo cha magari. Taja jina, namba ya gari na namba yako ya simu. Tutakupigia sisi."

Imekwisha. Haifiki sekunde kumi. Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yanayomfanya dereva asikate, kwa sababu yanamwambia gharama inayofuata si yake. Lakini mkishayasema, mpige kweli.

Namba ya siri ya kufungulia sanduku nayo isiwe 1234, wala isifanane na ekstensheni. Wezi huanza kujaribu hapo, na kwenye mitambo iliyofungwa ovyo wakiingia wanaweza kupiga simu za nje ya nchi kwa bili yenu. Na tangu Uganda ilipopata sheria ya ulinzi wa data binafsi mwaka 2019, sauti ya mteja na namba yake si vitu vya kuachwa kwenye seva miaka na miaka bila sababu. Umeme ukikatika, UPS, yaani betri ya akiba, ibebe seva, swichi na ruta pamoja. Nimekuta seva inapumua huku ruta imezimika.

Mameneja hunijibu kwamba WhatsApp inatosha. Haitoshi. Bando humwisha dereva barabarani, na tangu Julai 2021 data ina tozo ya asilimia 12 juu ya kodi nyingine, wakati simu ya kawaida inapita hata kwa salio dogo. Na hizo voisi mnazozitegemea ziko kwenye simu ya nani? Ni ya karani, aliyeinunua kwa pesa yake. Siku akihamia kwa wakala wa ghorofa ya juu, anaondoka na sauti za wateja wote, na mwenye mzigo akija kudai kwamba dereva alitoa taarifa mapema, ofisi haina hata rekodi ya saa ujumbe ulipoingia ya kumwonyesha.