Tamthilia ikipendwa, nani apange siku ya kuisha?

Kwa familia nyingi za Mtwara na Lindi, fedha ya maana huingia mara moja kwa mwaka. Minnada ya korosho hufunguliwa Oktoba, malipo hupitia vyama vya msingi na benki, na kuanzia Novemba ving'amuzi vilivyokuwa kimya tangu Juni huwashwa tena, kutoka Tandahimba na Newala mpaka Ruangwa na Nachingwea. Watu wanalipia kifurushi, wanarudi kwenye tamthilia waliyoiacha, wanakuta hadithi imekwenda sehemu mia moja bila wao. Linalonisumbua mimi ni kwamba mara nyingi hawajapitwa na kitu. Binti bado hajajua baba yake ni nani. Mama mkwe bado anapanga njama ileile. Adui aliyezikwa mwezi wa tano amerudi, kumbe hakufa.

Hapo mabishano huanza. Wapo wanaosema tamthilia hiyo imeshachuja, ifungwe. Wapo wanaosema ikiondolewa watakuwa wamenyang'anywa jamaa wa nyumbani. Nimezisikia pande zote mbili Mtwara mjini, Chikongola na Magomeni, na kila upande una hoja nzito kuliko mwenzake anavyokubali.

Nianze na kituo cha televisheni, maana wengi humlaumu mtunzi kwa uamuzi ambao hakuufanya yeye. Tamthilia ya kila siku hula fedha nyingi mwanzoni: nyumba za kuigizia, mavazi, vifaa, usaili wa waigizaji, mishahara ya waandishi kabla hata sehemu ya kwanza haijarushwa. Ikishashika, sehemu kubwa ya gharama hizo imekwisha kulipwa, watazamaji wameizoea saa yake, na wenye matangazo wanajua wanachonunua. Kwa king'amuzi cha kulipia kuna sababu nyingine tena, kwamba mtu analipa mwezi ujao kwa kuwa leo hadithi imekatwa mahali pabaya. Kuifunga tamthilia ya namna hiyo ni kukubali kuanza upya na hadithi ambayo hakuna ajuaye kama itapendwa. Mkurugenzi anayeogopa hilo ana haki ya kuogopa.

Lakini woga huo hulipiwa na hadithi yenyewe. Tamthilia ikifunguliwa kwa swali, yaani nani alimuua mzee, mtoto ni wa nani, ndoa hii itasimama au itavunjika, mtazamaji ameahidiwa jibu. Jibu linaweza kucheleweshwa, na kucheleweshwa huko ndiko utamu wenyewe. Ila likicheleweshwa mno mtunzi analazimika kuwafanya watu wake kuwa wajinga: mtu asikie siri mlangoni asiseme, barua ifike isisomwe, simu izimike kila ukweli unapokaribia. Kwenye vibanda vya video watu wanajua toka zamani kwamba stelingi hafi, na hawaoni ubaya. Wanachokataa ni kuona hata wengine wote hawafi, hawahami, hawazeeki na hawajifunzi. Hofu ikishaondoka ndani ya hadithi, kinachobaki ni mazoea.

Mfano unaotajwa sana na wanaotaka tamthilia zifungwe mapema ni Breaking Bad ya Marekani, moja ya zile tunazoziita sizoni. Ilianza 2008 ikiwa na watazamaji wachache, ikaisha 2013 baada ya sehemu 62. Sehemu ya mwisho ilitazamwa na zaidi ya watu milioni 10 nchini humo. Mtunzi wake, Vince Gilligan, aliifunga wakati watu wanazidi kuongezeka, wakati ambao mfanyabiashara yeyote angesema ongeza. Alikuwa amejiwekea kazi moja, kumgeuza mwalimu wa kemia kuwa mhalifu mbele ya macho yetu, na mwalimu alipokwisha kugeuka hakukuwa na sababu ya kuendelea. Leo mtu anayejaziwa tamthilia hiyo kwenye flashi anapata kitu kizima, chenye kichwa na miguu.

Hata hivyo, wanaoutumia mfano huo huisahau Game of Thrones, tamthilia nyingine ya Marekani. Kituo kilichoirusha, HBO, kilikuwa tayari kuendelea nayo. Watayarishaji wenyewe ndio waliotaka kumaliza, wakapunguza sehemu za misimu miwili ya mwisho: wa saba ukawa na sehemu saba, wa nane ukawa na sita. Ilipoisha Mei 2019, zaidi ya watu milioni moja walitia saini ombi mtandaoni wakitaka msimu wa mwisho utengenezwe upya. Kilichowaudhi ni mbio. Wahusika waliochukua miaka kujengwa walibadilika ndani ya sehemu mbili tatu, na safari zilizokuwa zikichukua msimu mzima zikachukua dakika chache. Kwa hiyo kufunga mapema hakumkingi mtunzi na lawama. Mwisho nao unataka nafasi yake, na ukiunyima nafasi unaharibu hata yale mazuri yaliyotangulia, kwa sababu mtu huwa anaikumbuka hadithi nzima kupitia pale ilipomwachia.

Upande wa pili nao hausemi kwa hawaa ya nafsi tu. Kuna wazee wengi Mtwara na Lindi ambao watoto wao wako Dar es Salaam, na saa ya tamthilia ndiyo saa ambayo nyumba ina sauti. Jirani anakuja, wajukuu wanakaa mkekani, kesho yake kisimani au sokoni kuna la kuzungumza ambalo halimsengenyi mtu wa mtaani. Kwa mtazamaji huyo jibu la swali la kwanza halina uzito tena. Anawajua watu wale, anataka kujua wameamkaje. Guiding Light ya Marekani ilianza redioni 1937, ikaingia kwenye televisheni 1952, ikaisha 2009. Miaka 72. Haiwezekani kuieleza kwa ujanja wa wafanyabiashara peke yake. Watu walizaliwa wakaikuta, wakazeeka nayo.

Halafu kuna ajira, na hapa mimi hupunguza sauti kila ninapotaka kusema "ifungwe". Tamthilia moja ya kila siku inalisha waigizaji, wapiga picha, mafundi wa taa na sauti, mafundi seremala, washonaji, madereva, mama anayepika chakula cha kambi. Vijana wa kusini wenye kipaji cha kuigiza huhamia Dar es Salaam ndipo wapate nafasi, na nafasi zenyewe ni chache. Mwenye fani hii akisikia mtazamaji amechoka, anasikia kodi ya nyumba yake imetajwa.

Kwa maoni yangu mabishano haya hayamaliziki kwa sababu tunaziita kwa jina moja tamthilia za aina mbili. Ipo tamthilia ya swali na ipo tamthilia ya mtaa. Ya swali ina jambo moja la kutatuliwa. Ya mtaa ina mahali, na watu wanaoingia na kutoka. Twende na Wakati, mchezo wa Redio Tanzania ulioanza 1993, ulikuwa wa namna hii ya pili. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, aliishia kupata UKIMWI, na mkewe Tunu akaachana naye. Hadithi ya mtu mmoja ilifika mwisho wake, mwisho mkali, na mchezo ukaendelea miaka mingi kwa sababu mtaa ulikuwa bado una watu. Tamthilia ya mtaa inaweza kuishi muda mrefu kwa sharti hilo: aliyekufa abaki amekufa, aliyehama ahame kweli, na mtoto wa jana awe mtu mzima mwenye kosa lake mwenyewe. Ya swali haina ruhusa hiyo. Ikijibu swali lake ikaendelea, au ikikataa kulijibu ili iendelee, imevunja ahadi.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kituo kuanzisha tamthilia ya swali kisha, ikipendwa, kuilazimisha iwe ya mtaa bila kuijengea mtaa. Nyumba ni mbili, familia ni mbili, watu ni kumi na wawili. Hao hawawezi kubeba miaka minane.

Sasa siku ya kuisha ipangwe lini? Mapema, na itangazwe. Tamthilia ya Lost ya Marekani ilianza 2004, na ilipofika msimu wa tatu waandishi wake walikuwa wakizunguka palepale kwa kuwa hawakujua wajaze miaka mingapi. Mei 2007 kituo cha ABC kikatangaza kwamba itaisha 2010. Waandishi wakaanza kuhesabu kurudi nyuma, kipi kifunuliwe lini. Mwisho wake uligawa watazamaji, lakini miaka ile mitatu ilikuwa na mwelekeo.

Najua pingamizi lake: ukiwaambia watu siku ya mwisho, watapungua. Sultan inajibu pingamizi hilo vizuri kuliko mfano wowote ninaoujua. Tamthilia hiyo ya Kituruki, iliyotiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa na Azam, ilirushwa kwao kuanzia 2011 hadi 2014, sehemu 139. Mwisho wake ulikuwa kwenye vitabu vya historia kabla mtunzi hajashika kalamu: mwana wa sultani, Mustafa, ananyongwa 1553, Hurrem, mke wa sultani, anafariki 1558, na sultani mwenyewe, Suleiman, anafariki 1566. Hata Meryem Uzerli, aliyemwigiza Hurrem, alipoondoka 2013, nafasi yake ilichukuliwa na Vahide Perçin na kazi ikaendelea, kwa sababu safari ilikuwa na kituo cha mwisho kinachojulikana. Na Februari 2014, sehemu ya kunyongwa Mustafa iliporushwa, watu walimiminika kwenye kaburi lake mjini Bursa. Walikuwa wanajua atakufa. Walijua kabla tamthilia haijaanza. Wakalia.

Sisi watu wa kusini tusishangae. Vijana wanapoingia jandoni, kijiji kizima kinajua watatoka lini, na kujua huko ndiko kunakoipa sherehe ya kutoka uzito wake: nguo zinanunuliwa, ndugu wanasafiri, ngoma zinaandaliwa. Hakuna anayesema kwa kuwa siku inajulikana basi haina maana.

Kwa mtazamaji wa hapa kuna faida nyingine ambayo watu wa vituo, wakiwa Dar es Salaam, huenda hawaifikirii. Mwenye fedha ya msimu huchagua miezi ya kulipia. Akiambiwa tamthilia itaisha mwezi wa pili, ataitengea fungu kwenye malipo ya korosho na ataufikia mwisho pamoja na wengine. Asipoambiwa, mwisho utamkuta mwezi wa nne hana kifurushi, ahadithiwe na jirani. Marudio ya mwishoni mwa wiki yanasaidia kidogo, hasa umeme unapokuwa umekatika saa yenyewe, lakini hayamsaidii aliyekatiwa huduma.

Ninasimama basi upande wa wanaotaka mwisho, kwa tamthilia za swali, na ninataka mwisho huo uamuliwe na mtunzi pamoja na kituo kabla umaarufu haujawa mzito kiasi cha kuwafunga mikono. Kituo kikitaka kuongeza msimu, kimwulize mtunzi swali jipya ni lipi. Akikosa la kusema, wasiongeze.

Hoja ya ajira hainiondoi hapo. Inanisukuma zaidi. Mwaka 2014, waigizaji 16 wa Generations ya Afrika Kusini waligoma wakidai maslahi, wakafukuzwa, na Desemba mwaka uleule tamthilia ikarudi kwa jina lililoongezwa, ikiwa na sura mpya. Tamthilia iliendelea, wao hawakuendelea nayo. Isidingo, nyingine ya Afrika Kusini iliyoanza 1998, ilitangazwa Novemba 2019 kwamba imefika mwisho kwa kupungukiwa watazamaji na mapato, na Machi 2020 ikazimwa. Watu waliofanya kazi humo miaka mingi walipewa miezi minne hivi. Kuendelea bila tarehe hakukuwalinda, kulichelewesha tu habari mpaka ikawa dharura. Tarehe ikiwa kwenye mkataba tangu mwanzo wa msimu, mwigizaji anatafuta kazi nyingine mapema, fundi wa taa anajua mwezi wa mwisho wa mshahara, na kituo kinaanza kuandaa hadithi ya pili ile ya kwanza ikiwa bado inaingiza fedha za kuigharamia. Kituo kinachosubiri mpaka matangazo yapungue kitakuwa kimechelewa, maana mswada mzuri, usaili na mandhari haviandaliwi ndani ya wiki mbili.