Miguu kwenye video ni yangu

Nimeamka na meseji 43 kuhusu ile video aliyonirekodi Juma, kwa hiyo ngoja nimalize mwenyewe kabla hajaongeza chumvi. Ndiyo, ile miguu inayochomoza kwenye friza la shangazi pale Buguruni ni yangu. Na hapana, sikuwa naiba barafu za ubuyu.

Wiki mbili hizi nimekesha na video za watu wanaopima theluji milimani wasije wakafukiwa na maporomoko. (Msiniulize kwa nini. Bando la usiku lazima litumike.) Sasa friza lilikuwa limeota barafu nene, shangazi akaniambia niibandue kwa kuwa umeme umekatika tangu alfajiri. Mtu mwenye akili angesubiri iyeyuke. Mimi nikaita kijiwe kizima nikaanza mhadhara: theluji hupenda kuporomoka kwenye mteremko wa digrii 30 hadi 45, ukuta wa friza ni digrii 90, basi hatari hapa ni ngazi ya 1 kati ya 5.

Nikachonga kinguzo cha sentimita 30 kwa 30 kama wanavyofanya wao, nikalaza mwiko juu yake badala ya koleo, nikainama hadi kiunoni. Vipigo 10 vya kiganja: kimya. 10 vya kutokea kwenye kiwiko: kimya. Nikawageukia, "Mnaona? Ingekuwa na tabaka dhaifu ingeshakatika." Nikainua mkono kutoka begani. Cha kwanza. Cha pili. Cha tatu, "bufu!", mlio uleule wa kwenye video, wanaousikia wakageuza njia. Bamba zima likaachia ukuta polepole, kama mzee anayeinuka kwenye mkeka, likanilalia kisogoni. Mfuniko nao ukashuka. Nikabaki natazamana na samaki changu, na huko nje nasikia katoto kanauliza, "Anko, barafu za mia mbili zipo?"

Milimani dakika 10 za kwanza ndizo za kumwokoa mtu. Juma mbili alizitumia kutafuta mwanga mzuri.

(Na video ya kwanza kabisa ilisema joto likipanda, usisogelee. Dar, Februari, umeme hakuna. Haya, chekeni.)

Nikavutwa, sikio likavimba, shangazi akahesabu barafu 60 zilizopondeka, nimelipa. Juma, ile elfu tano yangu bado naidai.