Shuka zilikuwa mbili

Kwanza tuelewane jambo moja: shuka zilikuwa mbili. Moja yangu, moja ya mbuzi. Nimeona jinsi kisa cha usiku ule bandani, kwa toleo la yule rafiki yangu wa bodaboda, kinavyozunguka. Kimeshafika Newala, kimefika Masasi, na jana shangazi kanipigia kutoka Mbagala kuuliza kama ni kweli nilikutwa nimelala na mbuzi shuka moja. Shangazi, shikamoo tena. Mbili.

Habari za Somoe, mbuzi wangu, mnazo, nimewachosha nazo tangu tarehe 10 Februari, siku beberu la jirani liliporuka uzio bila hodi. Mbuzi hubeba kama siku 150, nikahesabu kwenye kalenda ya chama cha msingi, kidole kikaangukia tarehe 10 Julai. Tarehe 10 nikahamia bandani. Ya 11 nikalala huko huko. Ya 12 bibi aliacha kuniita kula, akawa ananisukumia ugali wa muhogo na kisamvu mlangoni kama niko mahabusu.

"Mbuzi anazaa, hazalishwi," alisema. "Mama yake huyu alizaa chini ya mkorosho, mvua inanyesha, sisi tuko msibani."

Sawa, lakini bibi hajaangalia video. Mimi nimeangalia sita. Tena nilikuwa nimempigia bwana mifugo, akanifundisha vizuri: kiwele kikijaa mpaka chuchu zinang'aa, ubavu ukibonyea, zile kano za pembeni mwa mkia zikilegea mpaka ukizitafuta kwa vidole huzipati, ujue hayuko mbali. Chupa ikipasuka, akasukuma nusu saa na hakuna kinachotoka, hapo ndipo unawe mikono na unipigie. Katika maelezo yote hayo, kichwani kwangu kilibaki "nawa mikono".

Sasa jina. Nilisemee mara moja tu tuendelee. Somoe ni jina la kawaida kabisa huku kwetu, kila mtaa una Somoe wake. Kwamba balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye banda langu limeegemea uzio wake, ana binti anayeitwa Somoe, anayesoma chuo Dar na aliyekuwa amerudi likizo wiki hiyo, ni mambo ya sadfa. Mbuzi jina alipewa na bibi.

Basi usiku wa tarehe 12. Tandahimba Julai mnaijua, au kama hamuijui, njooni na sweta. Kwa mbali kulikuwa na ngoma ya unyago, wanawake nusu ya kijiji wamekwenda kukesha. Na wenye mikorosho walikuwa wameshaanza kuwasha mashine za kupulizia dawa, maana salfa ya unga inataka umande, ukingoja jua likolee unapulizia upepo. Kwa hiyo ule usiku ambao mimi nilidhani dunia nzima imelala, dunia ilikuwa macho kuliko mchana. Hilo sikulifikiria.

Saa kumi kasoro Somoe akalala ubavu, akanyoosha miguu, akatoa sauti. Si "mee". Ilikuwa "mmmmh" ndefu, ya mtu mzima mwenye matatizo yake. Nywele zikanisimama. Nikavua fulana nisiilowanishe, nikachukua kanga ya bibi kwenye kamba nikajifunga, nikamwaga nusu ndoo ya maji (mwenye kujua bei ya ndoo ya maji huku juu anielewe uzito wa upendo wangu), nikajipaka sabuni mpaka viwiko vyote viwili. Nikapiga magoti nyuma yake. Na nikaanza kumpa moyo.

Hapa naomba msome polepole, kwa sababu maneno haya yamenukuliwa mbele yangu na watu watatu, na siwezi kuyakana.

Nilisema: "Somoe, mama, vumilia."

Nilisema: "Usipige kelele, utaamsha watu."

Nilisema: "Usiogope. Shughuli hii tumeianza wawili, tutaimaliza wawili." Sijui ilitoka wapi hiyo. Shughuli aliianza na beberu.

Halafu nikapandisha sauti: "Sukuma! Sukuma mama, kichwa kile!" Hakukuwa na kichwa. Hakukuwa na chupa wala ute. Mkia ulikuwa umenyanyuka kidogo tu, lakini nilidhani akisikia kichwa kinakuja atapata nguvu.

Upande wa pili wa uzio, Mama Somoe alikuwa ametoka kwenda chooni.

Sasa mjiweke kwenye nafasi yake. Usiku, ukutani kwa kijana asiye na mke, unasikia mwanamke anaguna na mwanaume anamwambia Somoe asukume na asipige kelele. Unakimbia ndani kwa mwanao. Kitanda kitupu. Aliaga anakwenda ngomani, alisema atarudi usiku wa manane. Mwezi wa kwanza alikuja likizo na gauni pana. Mama wa watu akajumlisha. Hesabu ikakubali.

Mimi nilichosikia kwanza ni mashine. Ile mashine ya kupulizia, inanguruma, inakuja. Nikajisemea leo mtu kachelewa shambani. Ikazidi kuja. Ikapita kwenye mlango wa uzio. Kisha mlango wa banda, ambao ni mbao nne na waya, ukang'oka na waya wake.

Mwanga wa tochi ukaingia kabla ya watu. Ukanipiga mgongoni, maana nilikuwa nimegeukia mbuzi, mikono yenye mapovu imeinuliwa juu kama daktari. Sikugeuka. Sijui kwa nini sikugeuka. Nilibaki nimepiga magoti, nimeinama, na mwanga ukashuka taratibu kutoka mabegani mpaka kiunoni, ukasimama pale kanga ilipotanda. Na katika ukimya ule, mashine ikinguruma, nikamsikia mzee balozi akisoma. Anasoma neno moja moja, kwa sauti, vile vile anavyosoma stakabadhi yake ya ghala kuhakikisha kilo hazijaibiwa:

"Mapenzi... kikohozi... hayafichiki."

Kanga ya bibi. Nawaapia sikuwahi kuisoma.

Nikageuka. Mzee balozi yuko mlangoni, mashine mgongoni, wa njano kuanzia kope mpaka vidole vya miguu, kavaa salfa kama keki ilivyovaa krimu. Panga mkononi. Nyuma yake Mama Somoe analia. Nyuma yake mkunga wetu mstaafu, glavu tayari mkononi, na wembe mpya kwenye karatasi yake. Nyuma yao wote, rafiki yangu, kaitwa na pikipiki apeleke mzazi zahanati. Yeye alikuwa ameshatoa simu. Ndiyo maana kuna picha.

"Yuko wapi?" akauliza balozi.

Nikamwonyesha mbuzi.

Naye mbuzi, aliyekuwa anaguna saa nzima, akainuka, akajinyoosha, akakojoa. Kisha akaanza kucheua akituangalia.

"Nimesema Somoe yuko wapi!"

"Ndiye huyu, mzee. Shikamoo."

Mkunga ndiye aliyeanza. Alishika nguzo ya banda, nikadhani anaanguka, kumbe anacheka, hana pumzi. Mzee balozi akazima mashine. Ingekuwa afadhali angeiacha, kwa sababu sasa kila kitu kikawa kinasikika. Akaniuliza, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko panga: "Kijana, mbuzi huyu ni nani aliyempa jina la mwanangu?"

Nikasema bibi.

Na bibi alikuwepo. Alikuwa kasimama uani kitambo, kajitanda blanketi, hakuna aliyemwona.

"Mimi?" akasema. "Mimi huyu namwita Mweusi. Jina hilo umempa mwenyewe, mjukuu wangu, wiki ile ile binti wa watu alipokwenda chuo. Hata ugali ulikuwa hushiki."

Kwa kweli hapo nilitamani mashine iwashwe tena. Na kama kuna mahali hadithi ingeweza kuishia bila madhara zaidi, ni hapo, lakini nyuma ya rafiki yangu palikuwa na kundi limetoka ngomani, limefuata tochi, na mbele ya kundi yuko Somoe mwenyewe, ushungi begani, amesikia kuanzia kwenye "mimi?". (Somoe, kama unasoma, ruka aya hii. Na iliyopita.) Aliniangalia. Mapovu yalikuwa yananikaukia mikononi yanawasha.

Yaliyobaki ni machache. Asubuhi nikaitwa barazani kwa balozi, nikaeleza, nikaomba radhi, nikatozwa jogoo mmoja kwa usumbufu na salfa iliyomwagika njiani. Nikiwa huko huko barazani mbuzi akazaa. Mapacha, jike na dume, bibi kawakuta wamekwisha lambwa, wamesimama, wananyonya dang'a. Kondo la nyuma likatoka lenyewe kabla ya adhuhuri. Bwana mifugo nilipompigia kumshukuru alikuwa ameshaiona ile picha.

Somoe alipita jioni kuwaona watoto. Alisema ni wazuri. Akauliza na hawa majina yao nani, nikasema bado, akasema basi awamu hii uniulize kwanza, akaondoka. Sijui maana yake nini, na msinieleze kwenye maoni, nimechoka.

Sharti la balozi ni kwamba mbuzi abadilishwe jina. Sasa rasmi anaitwa Mama Mapacha. Tatizo hajibu. Nimemwita Mama Mapacha, nimemwita Mweusi, nimempigia mluzi, anakula mbaazi za watu kama vile siongei naye. Kwa hiyo kila magharibi, mbuzi wakirudi, nazunguka nyuma ya mkorosho mkubwa, nachungulia uzio wa balozi kama hakuna mtu, nainama mpaka sikioni mwake na kumnong'oneza.